Sura ya Tano: Joto la Kilo Moja na Nusu

Mwezi wa Julai watu wa Sakina na Ngaramtoni huenda kazini na makoti. Ukungu hushuka kutoka Mlima Meru ukatanda juu ya migomba, na waendesha bodaboda wa Tengeru hujifunga skafu mpaka puani. Jiji la Arusha liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya Wameru vilivyopanda mlimani, kama Nkoaranga, viko juu zaidi. Wanaochora Afrika ya jua kali tupu hawajalala huko usiku wa kipupwe. Wakunga wa huko wanaujua vizuri ubaridi huo, na wanajua kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye kilo moja na nusu, anaweza kufa kwa baridi ndani ya chumba ambacho mtu mzima amevua sweta.

Mtoto huyo, njiti kama tunavyomwita, anatoka tumboni kwenye joto la nyuzi 37 akiwa amelowa. Maji yaliyo mwilini mwake yanapokauka yanaondoka na joto lake. Akiwekwa kwenye mzani wa chuma usiotandikwa nguo, chuma kinalinyonya. Dirisha likiachwa wazi, upepo unalipeperusha. Hata ukuta wa baridi ulio mbali naye unalivuta bila kumgusa, na hilo ndilo wengi hawalifikirii: mtoto anaweza kuwa amefunikwa vizuri katika chumba kisicho na upepo na bado akawa anapoa, kwa sababu kitanda chake kimesogezwa karibu na dirisha la kioo. Mtu mzima akipata baridi hutetemeka, na mtetemo huo humpasha moto. Mtoto mchanga hajui kutetemeka. Anategemea mafuta ya pekee yenye rangi ya kahawia yaliyo mgongoni na shingoni, ambayo mwili huyachoma ili kupata joto, na mafuta hayo hujengeka katika wiki za mwisho za mimba. Njiti amezaliwa kabla hajayapata. Ngozi yake ni nyembamba, na eneo la ngozi hiyo ni kubwa mno ukilinganisha na uzito wake.

Shirika la Afya Duniani linasema joto la mtoto mchanga liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2007, uliofuatilia watoto wenye uzito mdogo sana, ulionyesha kwamba kila nyuzi moja ya joto iliyopungua wakati mtoto anapokelewa wodini iliendana na ongezeko la asilimia 28 katika uwezekano wa kufa. Mtoto aliyepoa hutumia sukari yake yote kujipasha moto. Sukari ikiisha analegea, akilegea hanyonyi, na asiponyonya anazidi kupoa. Kupumua nako kunakuwa kazi. Cheti kinaweza kuandikwa maambukizi au kushindwa kupumua, na mara nyingi ni kweli, lakini baridi ndiyo iliyofungua mlango.

Takwimu za Tanzania zinaonyesha ugumu wa jambo hili. Kati ya utafiti wa afya ya jamii wa 2015-16 na ule wa 2022, vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Hayo ni mafanikio makubwa, yaliyoletwa na chanjo, vyandarua na dawa. Lakini vifo vya watoto wa siku 28 za kwanza vilishuka kutoka 25 hadi 24 tu, na lengo la dunia ni kufika 12 au chini ya hapo ifikapo 2030. Chandarua hakimsaidii mtoto aliyezaliwa na wiki 30. Yeye anahitaji joto, maziwa, hewa na mtu wa kumwangalia usiku kucha, na vyote hivyo anavihitaji kwa wiki kadhaa mfululizo.

Mashine ya kuleta joto hilo ni ya zamani kuliko reli ya Tanga. Mwaka 1880 daktari mkunga Stéphane Tarnier aliweka sanduku la kwanza katika hospitali ya wazazi ya Paris. Alikuwa ameona vifaranga vya kuku vikitunzwa kwenye masanduku ya joto katika bustani ya wanyama, akamwomba fundi wa bustani hiyo, Odile Martin, amtengenezee sanduku la watoto. Lilikuwa la mbao, na joto lake lilitokana na maji ya moto. Miongoni mwa watoto wa hospitali hiyo waliozaliwa na chini ya kilo mbili, vifo vilishuka kutoka asilimia 66 hadi 38. Teknolojia hiyo ilipovuka bahari kwenda Marekani, hospitali zilichelewa kuipokea, kiasi kwamba kuanzia 1903 hadi 1943 Martin Couney aliwatunza njiti kwenye maonyesho ya burudani huko Coney Island, New York, watazamaji wakilipa kiingilio ili wazazi wasitozwe chochote. Inatia uchungu kufikiri kwamba uhai wa watoto uligharimiwa na tiketi za maonyesho, lakini waliopona walipona.

Baada ya hapo inkubeta ikawa chombo cha kioo cha plastiki, chenye feni, hita, tangi la maji na kompyuta ndogo, na bei yake ikapanda. Mashine kamili ya kisasa inaweza kugharimu dola 20,000 na zaidi. Kwa hospitali ya wilaya hiyo ni fedha ya kujenga jengo. Kwa hiyo mashine nyingi katika nchi maskini zimefika kama msaada, na hapo ndipo hadithi ya mashine hizi inapokuwa chungu.

Inkubeta iliyotumika Marekani imeundwa kwa umeme wa volti 120. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Mashine inashushwa kwenye lori, watu wanapiga makofi, waya wake unachomekwa ukutani kupitia adapta ya dukani, na kabla sherehe haijaisha moshi umetoka. Hata ile iliyonusurika siku ya kwanza ina udhaifu wake. Ndani yake kuna kihisi joto: waya mwembamba wenye kichwa kidogo kama kifungo cha shati, ambacho hubandikwa kwenye tumbo la mtoto na kuiambia mashine ipashe au ipunguze. Kichwa hicho husafishwa kila siku, hukunjwa na kuvutwa, na hatimaye waya wake hukatika kwa ndani pasipoonekana. Kikishakatika, mashine haijui mtoto ana joto gani. Inapiga king'ora, muuguzi anaizima, inasogezwa ukutani. Kihisi kipya kinauzwa na kiwanda kilichoitengeneza peke yake, nacho pengine kilishaacha kutengeneza toleo hilo. Chujio la hewa lisipobadilishwa hujaa vumbi, feni inahangaika. Tangi la maji lisipooshwa huota vijidudu, na hewa ya moto yenye unyevu huvipeleka moja kwa moja usoni kwa mtoto.

Robert Malkin, profesa wa uhandisi wa vifaa tiba nchini Marekani, ni mmoja wa watu waliohesabu mashine hizo badala ya kuzilalamikia tu. Yeye na Lora Perry walikusanya orodha za vifaa zaidi ya 112,000 kutoka hospitali za nchi zinazoendelea, na mwaka 2011 wakatoa jibu: karibu asilimia 38 havikuwa vikifanya kazi. Mwaka 2001 Malkin alikuwa ameanzisha, pamoja na Mohammad Kiani, shirika la Engineering World Health, na Arusha ikawa mojawapo ya vituo vyake. Wanafunzi wa uhandisi kutoka nje walikuja wakati wa likizo zao, wakakaa na familia pembezoni mwa jiji, wakajifunza Kiswahili asubuhi na ufundi mchana, kisha wakapelekwa katika hospitali za kaskazini kutengeneza vilivyoharibika.

Kazi ya namna hiyo katika nchi mbalimbali ilizaa matokeo ambayo kila mkurugenzi wa hospitali angepaswa kuyabandika ofisini. Kutoka maombi ya matengenezo zaidi ya 2,800 katika hospitali 60 za nchi 11, watafiti waligundua kwamba theluthi mbili ya vifaa vilivyolala vilirudi kazini kwa kutumia maarifa ya msingi 107 tu, bila vipuri vya kuagizwa nje. Ni mambo ya fyuzi, waya, mota, mabomba, na kumwelekeza mtumiaji namna ya kuwasha. Kijana aliyemaliza sekondari anaweza kufundishwa hayo. Chuo cha Ufundi Arusha, kilicho katikati ya jiji, kina mafunzo ya uhandisi wa umeme na vifaa tiba, kwa hiyo mkoa huu hauna haja ya kumsubiri mgeni wa likizo aufungulie kifuniko. Kinachotakiwa ni hospitali kumwajiri fundi huyo, kumpa bajeti ya vipuri na chumba chenye meza na taa, na kumshirikisha kabla mashine haijapokelewa. Fundi akiulizwa mapema atauliza volti ngapi na kihisi kinanunuliwa wapi. Maswali hayo mawili yangeokoa fedha nyingi kuliko hafla kumi za makabidhiano.

Wapo waliojaribu kuitoroka shida hii kwa kubuni upya. Jaribio lililopata sifa kuliko yote lilitoka Massachusetts, kwenye shirika la Design that Matters la Timothy Prestero. Wazo lao lingemvutia fundi yeyote wa gereji za mtaa wa Unga Limited, Arusha: kama vijijini mashine za hospitali hazina mafundi lakini magari yanatembea, basi inkubeta itengenezwe kwa vipuri vya gari. Taa za mbele za gari zilitoa joto, feni ya dashibodi ikasukuma hewa, betri ya pikipiki ikashika nafasi umeme ukikatika. Jarida la Time likaiweka NeoNurture kwenye orodha yake ya uvumbuzi bora 50 wa mwaka 2010. Haikuwahi kuingia kiwandani. Prestero mwenyewe alisimama hadharani baadaye akaeleza kwa nini: walibuni kitu cha kuwafurahisha watazamaji, hawakubuni kwa ajili ya mtu atakayeitengeneza, atakayeinunua na atakayeithibitisha. Pia hospitali hazikutaka mashine inayofanana na gari. Wauguzi na wazazi wa nchi maskini wana haki ya kutaka chombo kinachoonekana cha hospitali, na mbuni asiyelijua hilo hajawahi kukaa nao.

Jaribio la pili lilianzia darasani, Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 2007. Jane Chen, Linus Liang, Rahul Panicker na Naganand Murty walipewa kazi ya kubuni inkubeta ya bei ndogo. Liang alikwenda Nepal, akakuta inkubeta za hospitali ya mjini hazina watoto. Njiti wengi walikuwa wanazaliwa vijijini na kufa kabla ya kufika. Timu ikaacha wazo la sanduku, ikaunda mfuko wa kulalia wenye pakiti ya nta inayoyeyuka kwenye nyuzi 37. Pakiti hupashwa moto, huingizwa nyuma ya mfuko, na nta inapoganda polepole humpa mtoto joto lilelile kwa saa nne au zaidi bila waya. Wakauita Embrace, wakaanza kuupeleka India. Ni chombo kizuri kwa safari, na kwa saa ambazo mama yuko chumba cha upasuaji. Mahali palipo na mama mzima wa afya, kinafanya kazi ambayo yeye angeifanya vizuri zaidi.

Nchini Nigeria, Profesa Hippolite Amadi alipita njia nyingine. Hakutafuta mashine mpya. Alichukua inkubeta zilizokufa zilizojaa kwenye maghala ya hospitali, akabakiza maboksi yake, akayawekea ndani vipuri vya kisasa vinavyopatikana sokoni, akazirudisha wodini kwa sehemu ndogo ya bei ya mashine mpya. Ripoti ya mwaka 2010 ilizifuatilia kwa miaka sita. Mbinu hii inastahili kusikika zaidi Arusha, kwa sababu maboksi hayo yapo Afrika nzima, na fundi anayejua kufufua moja anajua kutunza kumi.

Tangu 2019 mradi wa NEST360 umekuwa ukifanya kazi Tanzania, Kenya, Malawi na Nigeria, na kwa Tanzania Taasisi ya Afya Ifakara ni mshirika wake mkuu. Wao hawauzi mashine moja. Wanapeleka wodini seti: kipasha joto, kipima oksijeni, taa ya kutibu manjano ya mtoto, mashine ya kusaidia kupumua, pamoja na mafunzo ya muuguzi, mafunzo ya fundi, na daftari la kufuatilia kila mtoto. Seti hiyo ina sababu. Kule Blantyre, Malawi, mashine rahisi ya Pumani, inayompulizia mtoto hewa kupitia puani huku shinikizo lake likishikiliwa na maji kwenye chupa, ilitajwa katika utafiti wa 2014: kati ya watoto wenye shida kubwa ya kupumua waliotumia mashine hiyo, asilimia 71 walipona, ikilinganishwa na asilimia 44 ya waliopewa oksijeni ya kawaida. Joto peke yake lisingetosha kwa watoto hao. Wala oksijeni bila kipimo si salama. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950 inkubeta za nchi tajiri ziliwapofusha maelfu ya njiti kwa oksijeni nyingi mno, mmoja wao akiwa mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950.

Arusha ina wodi za watoto wachanga zinazojua uzito wa mambo haya. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru hupokea akina mama wa jiji pamoja na wanaoletwa kutoka Longido, Monduli na hata Loliondo, ambako barabara ni saa nyingi. Hospitali ya Kilutheri ya ALMC, iliyofunguliwa mwaka 2008 na Dayosisi ya Kaskazini Kati, ilianzisha chumba cha uangalizi maalumu wa watoto wachanga wakati huduma hiyo ilikuwa adimu mno kaskazini. Lakini njiti wengi wa mkoa huu hawaanzii maisha yao humo. Wanazaliwa kwenye vituo vya afya, zahanati, na nyumbani.

Kwa hao, jibu la maana lilitoka Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyojaa kupita kiasi. Watoto wawili watatu walilazwa katika inkubeta moja na kuambukizana. Akaamua kuwakabidhi kwa mama zao, wawabebe kifuani ngozi kwa ngozi. Mwenzake Héctor Martínez akaendeleza. Dunia ikauita utaratibu huo kangaruu, na kwa muda mrefu madaktari wengi waliuona kama mbadala wa maskini, wa kutumiwa pale tu mashine zikikosekana, na hata hapo baada ya mtoto kutulia kwa siku kadhaa.

Fikra hiyo ilivunjwa na utafiti ambao Tanzania ilikuwa sehemu yake. Watafiti wa Muhimbili, pamoja na wenzao wa Ghana, India, Malawi na Nigeria, wakiratibiwa na Shirika la Afya Duniani, waliwafuatilia watoto 3,211 waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na gramu 1,799. Nusu yao walifuata utaratibu wa kawaida: mtoto kwenye kipasha joto au inkubeta mpaka atulie, ndipo apewe mama. Nusu nyingine waliwekwa kifuani tangu mwanzo, kwa wastani saa moja na kidogo baada ya kuzaliwa, hata wale waliokuwa bado wanahitaji msaada wa kupumua. Katika siku 28, walikufa asilimia 12 ya waliobebwa mapema, dhidi ya asilimia 15.7 ya wengine. Vifo vilipungua kwa robo. Kamati ya usalama ilishauri utafiti usimamishwe kabla ya wakati, kwa kuwa haikuwa haki tena kuwanyima watoto wa kundi la pili. Matokeo yalichapishwa Mei 2021, na Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake: ngozi kwa ngozi ianze mara tu baada ya kuzaliwa, hospitalini au nyumbani, isipokuwa kwa mtoto aliye mahututi.

Namna ya kumfunga ina ufundi wake. Mtoto huvuliwa, akabaki na nepi, kofia na soksi. Huwekwa wima katikati ya matiti, kifua chake kikiukabili kifua cha mama, kichwa kikigeuzwa upande na kuinuliwa kidogo ili koo lisijikunje, mikono na miguu ikikunjwa pembeni. Kanga au kitambaa cha kunyumbuka hupitishwa mpaka usawa wa chini ya sikio lake na kukazwa vya kutosha ili mama akisimama asiteleze, kikiachwa kuwa huru tumboni, kwani njiti hupumua kwa tumbo. Juu yake mama huvaa gauni au blauzi ya kufungua mbele, na kwa Arusha ya Julai, shuka la Kimasai juu ya vyote. Mama hulala mgongo umeinuliwa kwa mito. Mtoto asiyeweza kunyonya hupewa maziwa yaliyokamuliwa, kwa mrija au kikombe kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Mama akienda kuoga, bibi au baba hushika zamu. Katika utafiti ule watoto wa kundi la kifuani walibebwa kwa karibu saa 17 kwa siku.

Saa 17. Hapo ndipo bei ya huduma hii inapojificha, na ndipo maneno kwamba kangaruu ni bure yanapokuwa si ya haki. Joto la mama halina mita ya TANESCO, na mgao wa umeme wa mwaka 2023 haukulizima. Lakini mama anahitaji kitanda chake ndani ya wodi ya mtoto, kando ya mtoto, wakati wodi nyingi zilijengwa zikimweka mama jengo jingine na kumruhusu kuingia kwa saa za kunyonyesha. Anahitaji kula vizuri ili maziwa yatoke. Anahitaji bafu la karibu, na muuguzi wa kumwonyesha namna ya kufunga, kwa sababu mama wa mtoto wa kwanza mwenye kidonda cha upasuaji anaogopa kumvunja. Sera ya Serikali inasema huduma za mama na mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure katika vituo vya umma. Wiki nne za ugali, nauli ya bibi kutoka Longido, na watoto wengine walioachwa kwa jirani hazimo kwenye sera hiyo.

Safari ya kufika imerahisishwa kidogo. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na baadaye kuenea nchini, unampa mama au mhudumu namba ya bure, 115. Gari la wagonjwa likikosekana, dereva wa kawaida aliyesajiliwa huitwa na kulipwa kwa simu. Mtoto akisafirishwa kutoka kituo cha mlimani kwenda Mount Meru, mahali pake ni kifuani kwa mama, ndani ya kanga. Akifungwa blanketi na kubebwa mikononi mwa ndugu kwenye kiti cha nyuma, hufika amepoa, na wodi inaanza kazi ikiwa nyuma.

Ajira nayo ni sehemu ya gharama, na hapa Arusha ina nafasi yake katika historia. Doris Mollel, ambaye yeye mwenyewe alizaliwa njiti, alianzisha mwaka 2015 taasisi yenye jina lake, ikapeleka vifaa kwenye wodi za njiti na kudai jambo moja kwa miaka: likizo ya uzazi ianze kuhesabiwa kwa haki. Sheria ya kazi ilimpa mama siku 84, au 100 akizaa mapacha, bila kujali mtoto alizaliwa wiki ya ngapi. Mama aliyejifungua wiki ya 30 alimaliza sehemu kubwa ya likizo yake kwenye benchi la wodi, akarudi kazini wakati mtoto ndiyo kwanza anafikia uzito wa mtoto aliyezaliwa kwa wakati. Tarehe 1 Mei 2024, sherehe za kitaifa za Mei Mosi zilifanyika Arusha katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na Makamu wa Rais Dkt. Philip Mpango akatangaza kwamba Serikali imekubali kuongeza muda huo. Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za kazi: kipindi kilichobaki mpaka wiki 40 huongezwa kwenye likizo. Kwa mama wa wiki ya 30, hizo ni wiki kumi.

Kwa maelfu ya wanawake wanaovuna maua kwenye mashamba ya kuzunguka Usa River na Tengeru, mabadiliko haya ni makubwa kuliko inkubeta yoyote, ikiwa tu mwajiri ataandika mkataba na afisa kazi atafika kukagua. Muuza ndizi wa gulio la Tengeru hana mkataba wa kukaguliwa. Likizo yake ni siku asizouza, na akikaa wodini mwezi mzima mtaji wake unaliwa na nauli. Hospitali inaweza kumpa kitanda na chakula cha mara tatu kwa siku, ikiwa bajeti yake ina mstari huo, na kamati za afya za halmashauri za Arusha na Meru ndizo zinazokaa kila mwaka kupanga mistari hiyo. Mafundi wa vifaa tiba nao wanasubiri kwenye karatasi hizohizo, kati ya mafuta ya gari na rangi ya kupaka ukuta.